Dirisha la Behewa la Kwanza

Asubuhi ya tarehe 5 Juni 1995, saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili, treni ya njia ya J ilikuwa juu ya daraja la Williamsburg ikitoka Brooklyn kwenda Manhattan. Ikapita taa nyekundu. Mbele yake, juu ya daraja hilohilo, treni ya njia ya M ilikuwa imesimama. Kando ya reli kulikuwa na mkono mdogo wa chuma uliowekwa kwa ajili ya saa kama ile, nao ukafanya kazi yake: ukagonga vali chini ya treni, breki za dharura zikashika. Treni haikuwahi kusimama. Iliigonga ile ya mbele kwa nyuma, dereva wa J akafariki, na watu zaidi ya hamsini wakajeruhiwa.

Wachunguzi walihitimisha kwamba dereva alikuwa amesinzia. Alikuwa anamalizia zamu ya usiku. Lakini ripoti yao ilikuwa na sehemu ya pili, ambayo haikuzungumzwa sana mitaani. Taa za pale darajani zilikuwa zimewekwa mwaka 1918, na umbali kati ya taa na taa ulipimwa kwa treni za enzi hizo, zilizokuwa fupi zaidi, nyepesi zaidi na za polepole zaidi. Kwa treni za mwaka 1995 umbali ule haukutosha. Mtambo ulitii kila kitu ulichofundishwa, na bado mtu akafa.

Miaka ishirini na kitu baadaye nilikuwa navuka daraja hilo mara tano kwa wiki, nami sikuwa najua hata moja kati ya haya. Nilichojua ni kwamba treni ikifika pale hutambaa.

Nilikuwa nakaa Cypress Hills, upande wa mashariki wa Brooklyn, karibu na stesheni ya Norwood Avenue. Watu wa New York wanauita mtandao wao wote sabwei, yaani treni za chini ya ardhi, ingawa sehemu kubwa ya njia hupita juu ya vichwa vya watu. J ni mojawapo ya hizo: kwa muda mrefu wa safari unaona madirisha ya ghorofa ya pili, nguo zilizoanikwa, mtu anakaanga kitu. Kipande kile cha njia kwetu Cypress Hills kilifunguliwa mwaka 1893, mwaka uleule Wajerumani walipoanza kujenga reli kutoka Tanga. Baba yangu mdogo, aliyekuwa mtu wa reli Tabora, angependa kulijua hilo. Yeye alikuwa na desturi ya kupima umri wa vitu vyote kwa umri wa reli.

Kazi yangu ilikuwa kulea wazee katika makao ya upande wa Manhattan, kuanzia saa moja jioni hadi saa moja asubuhi. Mlangoni palikuwa na mashine ya kuandikisha muda kwa kidole. Ukichelewa dakika nane unakatwa robo saa. Ukichelewa mara kadhaa katika mwezi unaitwa ofisini, na ofisini neno "treni" lilikuwa limeshazoeleka kama neno "foleni" linavyozoeleka Dar es Salaam: hakuna anayelikanusha, na hakuna linayemsaidia. Msimamizi wetu alisema jambo moja ambalo sikuweza kulijibu. Alisema, kama treni inachelewa kila siku kwa dakika zilezile, hiyo si dharura tena, hiyo ndiyo ratiba.

Mwaka 2017 ulikuwa mwaka wa kuchelewa. Tarehe 27 Juni treni ya A iliacha njia karibu na stesheni ya 125th Street, Harlem, kwa sababu ya kipande cha reli kilichoachwa katikati ya njia bila kufungwa. Watu walitembea gizani ndani ya handaki lenye moshi. Siku mbili baadaye gavana wa jimbo, Andrew Cuomo, akatangaza hali ya dharura ya sabwei. Mwaka ule takribani asilimia 65 tu ya treni za siku za kazi ndizo zilizofika mwisho wa safari kwa wakati, kiwango cha chini kuliko vyote tangu miaka mibaya ya 1970. Huu ulikuwa mji ambao watu zaidi ya milioni tano walipanda treni hizo kwa siku moja ya kazi mwaka ule. Zidisha dakika nane kwa watu hao, kisha ukate robo saa ya mshahara wa baadhi yao.

Na kila tulipokwama, sauti ya mashine ilituambia jambo lilelile: tumechelewa kwa sababu kuna treni nyingine mbele yetu, tafadhali tuvumilie. Ilikuwa kweli. Daima kuna treni nyingine mbele. Ni kama kumuuliza mtu kwa nini ana njaa akakujibu kwamba hajala.

Kiangazi kile ndipo nilipoanza kupanda behewa la kwanza, kwa sababu ngazi ya kutokea niliyoitaka Manhattan ilikuwa upande huo, na ndipo nilipokutana na wapenzi wa treni.

Inabidi niyaeleze mabehewa yenyewe. Wapenzi wa treni wa New York hawasemi "treni mpya" na "treni kuukuu". Kila kundi la mabehewa lina jina la mkataba wake wa ununuzi, herufi R na namba, nao huzitaja kama wengine wanavyotaja ukoo. R32 yalitengenezwa Philadelphia na kampuni ya Budd, mabehewa 600, yakaanza kazi mwaka 1964. Yalikuwa ya chuma kisichoshika kutu, chenye mikunjo kama bati la nyumba, na yaling'aa kiasi kwamba yalipewa jina la utani lenye maana ya mng'aro. Namba zao zilianzia 3350. Kwa mwaka 2017 yalikuwa miongoni mwa mabehewa ya abiria yaliyofanya kazi muda mrefu zaidi duniani katika njia za mijini, na yaliharibika mara nyingi kuliko mengine yote pale New York. Viyoyozi vyake vilishindwa na joto la mahandaki, hivyo kila kiangazi mengine yalihamishiwa kwetu J, ambako njia iko nje. Sisi tulikuwa zahanati yake.

Lakini R32 lilikuwa na kitu kimoja. Chumba cha dereva kilikuwa upande mmoja tu wa behewa, na katikati, mbele kabisa, palikuwa na mlango wenye kioo. Abiria aliweza kusimama pale, uso kwenye kioo, akaona njia nzima kama dereva anavyoiona. Mabehewa ya baadaye yalikuja na chumba cha dereva kinachojaza upana wote, na kioo hicho kikaisha kwa abiria. Kwa hiyo wapenzi wa treni waliyafuata mabehewa haya njia kwa njia kama wavuvi wanavyofuata kundi la dagaa. Ukiwa na bahati ungemkuta mmoja tu dirishani. Jumapili ungekuta foleni.

Wa kwetu alikuwa mzee mmoja wa Brooklyn, mstaafu, mwenye kofia ya kitambaa na daftari dogo lililofungwa kwa mpira wa raba. Sikuwahi kumwita ila Mzee, akaniuliza maana yake, akalipenda. Alikuwa akiandika namba ya behewa, saa ya kuondoka na saa ya kufika. Nilidhani ni mchezo wa watu wasio na kazi, kukusanya namba kama watoto wanavyokusanya vizibo vya soda. Na sehemu fulani ni hivyo hasa, sitaki kuwapamba. Wapo wanaoweza kukuelezea mlio wa mota ya mwaka 1975 kwa nusu saa bila kuuliza umetoka wapi. Wana chama kilichoanzishwa tangu mwaka 1934, Electric Railroaders' Association, na taarifa zake zimerekodi mabadiliko ambayo abiria wa kawaida hayatambui: behewa fulani limehamishwa depo, taa fulani imesogezwa, ratiba imeongezewa dakika moja.

Jioni moja tulipokuwa tunapanda daraja, treni ikaanza kutambaa, na Mzee akaniambia nisogee nione. Mbele yetu taa ilikuwa nyekundu. Chini yake kulikuwa na kibao chenye herufi G na T na tarakimu. Dereva hakusimama. Aliiendea ile nyekundu polepole, polepole zaidi, na tulipokaribia kabisa ikageuka. Kisha nyingine mbele yake, nyekundu vilevile. Na nyingine.

"Hakuna treni mbele," Mzee akasema. "Angalia mwenyewe."

Niliangalia. Njia ilikuwa tupu hadi ng'ambo ya mto.

Ili kuelewa alichokuwa ananionyesha, lazima ujue mtambo wenyewe, na si mgumu. Njia imekatwa vipande, na kila kipande cha reli kinapitisha umeme kidogo. Treni ikiingia, ekseli zake zinaunganisha reli mbili, umeme unapita kwenye ekseli badala ya kufika mwisho wa kipande, swichi inaanguka, na taa ya nyuma inakuwa nyekundu. Mtambo haujui treni iko wapi hasa. Unajua tu kwamba kipande kile kina mtu, kama choo cha stendi: mlango umefungwa, basi yumo. Sehemu kubwa ya mitambo hii ni ya miaka ya 1930, yenye nyaya zilizovishwa kitambaa na vyumba vya nyenzo ambavyo mtu hugeuza reli kwa mkono.

Taa za G na T ni aina nyingine. Hizi hukaa nyekundu hata kama njia ni tupu, na hupima muda. Ukitumia sekunde za kutosha ndani ya kipande, yaani ukienda pole kama kibao kinavyotaka, taa inageuka kabla hujaifikia. Ukizidisha mwendo inabaki nyekundu, mkono wa chuma unabaki umeinuka, na treni inafungwa breki, pamoja na jina la dereva kuandikwa.

Ukitafuta asili yake utarudi kwenye mwaka uleule wa 1918. Tarehe 1 Novemba mwaka huo madereva wa kampuni ya treni ya Brooklyn walikuwa wamegoma. Kampuni ikampa treni karani wa kupanga safari, mtu ambaye hakuwa na uzoefu wa njia ile, ambaye alikuwa kazini tangu alfajiri na alikuwa ametoka kuugua homa ya mafua ya mwaka ule. Karibu na Malbone Street, njia inapojipinda kuingia handaki dogo, mwendo ulioruhusiwa ulikuwa maili sita kwa saa. Aliingia kwa mwendo unaokadiriwa kuwa maili thelathini au zaidi. Mabehewa yalikuwa ya mbao. Walikufa watu zaidi ya tisini. Karani na wakubwa wa kampuni walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, na hakuna aliyepatikana na hatia. Mtaa wenyewe ukabadilishwa jina, sasa unaitwa Empire Boulevard, na ukipita pale leo hakuna kinachokushtua. Baada ya hapo mji ukaanza kutegemea zaidi vyuma vinavyosimamisha treni na taa zinazopima mwendo, ili kona isitegemee tena uzoefu wa dereva.

Hadi hapo sina ugomvi na taa hizo. Mwaka 1993 kijana wa miaka kumi na sita, mpenzi wa treni aliyejisomea kazi ya udereva, alijifanya mfanyakazi akaiendesha treni ya A yenye abiria kwa zaidi ya saa tatu. Abiria hawakugundua. Kilichomfichua ni kona: alizidisha mwendo, breki za dharura zikashika, na maswali yakafuata. Wapenzi wa treni husimulia kisa hiki wakicheka. Mimi huwa nafikiria wale waliokuwa wameketi nyuma yake.

Tatizo ni kilichofuata baada ya ajali ya Williamsburg. Jibu lilikuja kwa namna mbili. Kwanza, nguvu za mota zilipunguzwa, treni zisiweze kuchanganya mwendo kama zamani. Pili, taa zikaanza kurekebishwa, moja baada ya nyingine, mtandao mzima, kwa miaka. Kufikia muongo wa 2010 zilizorekebishwa zilikuwa zaidi ya elfu moja, nyingi zikiwa zimewekewa saa. Kila moja peke yake iliongeza sekunde chache. Nani angepinga sekunde chache, na mtu amekufa? Tena baadhi ya saa hizo ziliharibika: kibao kinasema mwendo huu, saa inadai uwe chini yake. Dereva hana namna ya kuijua mbovu ila kwa kufungwa breki na kuitwa kujieleza, kwa hiyo wakajifunza kwenda chini zaidi ya kibao, popote, kwa usalama wa ajira zao. Ratiba zilibaki za treni zinazokimbia. Treni ya kwanza ikichelewa sekunde thelathini, abiria wanajaa zaidi stesheni ya mbele, milango inachelewa kufungwa, na ya nyuma yake inakuta kipande kina mtu.

Hayo yote Mzee alikuwa nayo kwenye madaftari. Si kwa maneno, kwa sekunde: kutoka Marcy Avenue hadi Essex Street, mwaka huu na mwaka ule, behewa la aina ile na la aina hii. Hakuwa peke yake. Madereva walijua. Wapenzi wa treni waliosimama dirishani walijua, kwa kuwa walikuwa wameziona taa zikiongezeka kwa macho yao. Takwimu rasmi za mamlaka, kwa upande mwingine, zilikuwa na neno lake pendwa, msongamano. Sisi abiria ndio tuliokuwa chanzo, kwa wingi wetu. Mwanzoni mwa 2018 ikaja kubainika kwamba safu ile ya msongamano ilikuwa kapu la kutupia ucheleweshaji wowote ambao hakuna aliyeutafutia sababu.

Mwezi Machi mwaka huo, mwandishi Aaron Gordon wa gazeti la Village Voice akaandika, kwa nyaraka za ndani na kwa mahojiano, kwamba treni zilikuwa za polepole kwa sababu zilifanywa kuwa za polepole. Niliisoma saa tisa usiku, kazini, wazee wamelala. Kila kitu alichonionyesha Mzee kilikuwamo, kuanzia darajani. Nilimpelekea nakala niliyoichapa. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaitia ndani ya daftari. Akasema tu kwamba mwandishi ameipata tarehe sawasawa.

Wakati huo mkuu mpya wa treni za New York alikuwa Mwingereza, Andy Byford, aliyeanza Januari 2018. Aliunda kikosi cha kuzunguka njia zote kupima taa zenye saa na kuangalia upya vibao vya mwendo. Wakagundua saa mbovu kwa mamia. Wakazirekebisha, wakapandisha mwendo sehemu nyingi ambako hapakuwa na sababu ya kutambaa, na kufikia 2019 treni zinazofika kwa wakati zilipita asilimia 80. Watu wa mji, ambao si wepesi wa kusifu, wakambandika jina la Baba Treni. Mapema 2020 alijiuzulu. Nawajua watu waliohuzunika kana kwamba wamefiwa.

Nikisema wapenzi wa treni walikuwa sahihi, sisemi walikuwa sahihi kwa kila kitu. Suluhisho la kudumu la njia ile ya vipande ni mitambo inayojua treni iko wapi hasa, kwa redio, kama ilivyowekwa kwenye njia ya L na baadaye ya 7. Mitambo hiyo haiendani na mabehewa ya mwaka 1964. Tena mabehewa yale ya dirisha, waliyoyapenda hadi kuyaandikia namba, yalikuwa yanaharibika njiani na kutuchelewesha wengine. Niliwahi kukaa ndani ya R32 lisilo na kiyoyozi mwezi Agosti, juu ya mto, dakika kumi na moja, mama mmoja anampepea mtoto kwa bahasha ya benki, na mpenzi mmoja wa treni akasema kwa furaha kwamba hii ndiyo hali halisi ya zamani. Hakuna aliyemjibu. Kuna aina ya upendo wa mashine ambao hauwaoni waliomo ndani yake, na huo pia niliukuta dirishani.

Bado, Mzee alinisaidia kwa namna ambayo hakuipanga. Baada ya makala ile kutoka, niliitwa tena ofisini. Sikusema "treni". Nilieleza daraja, mwaka 1918, mwaka 1995, taa zenye saa, na kwamba dakika zile zilikuwa zimejengwa ndani ya njia. Msimamizi alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba sasa kwa kuwa najua, nitoke nyumbani mapema. Robo saa zangu hazikurudi. Ila sikuwahi tena kusikiliza ile sauti ya mashine nikiamini kwamba tatizo ni mimi, au ni wingi wetu.

R32 yalistaafishwa rasmi baada ya safari za kuaga, ya mwisho ikiwa Jumapili tarehe 9 Januari 2022. Nilitoka zamu asubuhi nikaenda kusimama jukwaani na mamia ya watu, wengine na kamera za gharama ya miezi yangu mitatu, wengine na watoto mabegani. Treni ilipoingia, behewa la kwanza lilijaa kabla milango haijafunguka vizuri. Sijui walipitia wapi. Nilimtafuta Mzee kwa macho nisimwone. Nikapanda la nne, nikapata kiti, karibu na kijana mwenye daftari jipya kabisa. Hakuwa anaona chochote mbele, kama mimi. Alikuwa ametega sikio kwenye sakafu, anahesabu viungio vya reli, na kila baada ya muda anaandika.

Nilimuuliza tumechelewa kiasi gani.

"Dakika nne," akasema, bila kuinua kichwa.